Kisanduku Kilichoachwa Tupu

Fomu ya utafutaji yenye visanduku vitano, ambavyo mtumiaji yuko huru kuvijaza au kuviacha, inaweza kuzaa maswali 32 tofauti ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, na kuyaandika yote kwa mkono ni kazi bure. Wengi hukimbilia kuweka LIKE '%' (yaani «maandishi yoyote yale») mahali pa kisanduku kitupu, wakidhani kwamba sharti hilo hukubali kila kitu. Halikubali: rekodi ambayo namba yake ya simu ni NULL, yaani haina thamani yoyote, hutoweka kimyakimya kwenye matokeo, kwa sababu kulinganisha NULL na chochote hakuleti jibu la kweli.

Mimi hupendelea kulijenga swali hatua kwa hatua: programu hukagua kila kisanduku, huondoa nafasi zilizo pembeni mwa maandishi, kisha huongeza sharti iwapo tu kuna kilichojazwa, huku thamani yenyewe ikipitishwa kama parameta, yaani ikitumwa kando na swali, badala ya kubandikwa ndani ya swali, maana huko ndiko wadukuzi hupenyea. Kutanguliza WHERE 1=1 (sharti lililo kweli daima; hila isiyopendeza macho, lakini haidhuru) huruhusu kila sharti kuanza na AND. Visanduku vyote vikiwa vitupu, weka kikomo cha idadi ya matokeo.