Pete chini ya miti ya Arboretum

Mdogo wangu aliponiambia anataka kumvisha mpenzi wake pete bila yeye kujua, swali langu la kwanza halikuhusu kamera. Nilimuuliza kama wameshazungumza kuhusu ndoa. "Tumeongea sana, dada," akasema. Wameongea watakapoishi, watoto, kazi ya uuguzi ya msichana na zamu zake za usiku, na jinsi mama yake angependa posa ije kwa utaratibu wa wazee. Hapo nikakubali. Napiga picha za harusi, ndiyo riziki yangu, na ninaamini kabisa kwamba cha ghafla kiwe saa na mahali tu. Jibu liwe limeshakomaa kati ya wawili wenyewe. Msichana akiulizwa mbele ya watu na lenzi jambo ambalo hajawahi kulifikiria, huko si kuulizwa, ni kusukumwa.

Mdogo wangu alitaka Uhuru Park, bustani ya umma ya katikati ya Nairobi. Namwelewa. Katika albamu ya mama imo picha yake na baba kando ya lile ziwa, miaka ya themanini, baba alipokuwa akifanya kazi Nairobi. Ilipigwa na mmoja wa wapiga picha waliokuwa wakizunguka bustanini wakingojea familia za Jumapili. Bustani ile ilifunguliwa mwaka wa 1969, na asingesimama mwanamazingira Wangari Maathai mwaka wa 1989 kulipinga jengo la orofa 60 lililopangwa kujengwa humo, sijui tungekuwa tunabishania nini leo. Napaheshimu sana. Lakini ni mahali pa wazi. Kijana akipiga goti pale wikendi, kabla hajafungua kinywa simu zimeshainuliwa na watu wanapaza sauti, "Sema ndiyo!" Wifi yangu ni mtu wa sauti ya chini. Sikutaka jibu lake limezwe na umati.

Tukakubaliana iwe Nairobi Arboretum, bustani ya miti, ambako wamekuwa wakitembea tangu walipokuwa wanafunzi. Miti ilianza kupandwa pale mwaka wa 1907, serikali ya kikoloni ikijaribu ni ipi ingekua haraka itoe kuni za treni. Sasa ni takriban hekta 30 zenye aina zaidi ya 350 za miti, na kwa mpiga picha urefu wa miti hiyo ni neema na ni mtihani pia. Jua la saa sita Nairobi hukaa karibu utosini na kutia macho kivuli kizito. Jioni nayo ni fupi: tuko jirani na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likisogea mbele au nyuma kwa dakika chache tu, na chini ya miti giza hutangulia. Nilichagua saa kumi na moja, mwezi wa Februari, mbingu zikiwa safi na nyasi zimekauka. Saa hiyo mwanga huingia kwa ubavu kati ya mashina, ukamfikia mtu usoni badala ya kichwani.

Mdogo wangu alitaka pia droni. Hilo nililikataa papo hapo. Kurusha droni Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Arboretum imepakana na Ikulu. Nilichofanya ni kupita ofisi ya langoni mapema, nikaeleza shughuli yetu, nikauliza utaratibu wa kamera na kulipia kinachotakiwa. Chakula nacho tulikiacha nyumbani. Wanaoijua Arboretum wanawajua tumbili wake.

Tulifanya mazoezi ya kweli. Nilimsimamisha pale atakaposimama, nikamfundisha kupiga goti lililo upande wa kamera, ili paja lililoinuka lisifiche mikono. Kikasha cha pete kimwelekee yeye anayeulizwa, si angani. Na asiwe na haraka ya kuinuka. Wengi huogopa kimya kile, wakasimama kabla hata dada wa watu hajavuta pumzi, na picha yote iko katika pumzi hiyo. Ishara yetu ilikuwa kuvua kofia.

Mimi singeweza kukaa wazi kwa kuwa wifi ananifahamu hata kwa mgongo. Nilijificha nyuma ya kichaka na lenzi ya kuvuta mbali, ya milimita 70-200. Mwenzangu wa kazi, ambaye wifi hajawahi kumwona, akakaa kwenye nyasi kama mtu anayepiga picha tumbili. Rafiki wa karibu wa wifi alikuwa amemwalika chakula cha jioni mjini, kwa hivyo alikuja amevaa gauni analolipenda na nywele amesuka. Hilo nililisisitiza kwa heshima yake. Picha hizi ataishi nazo, na ana haki ya kujipenda ndani yake.

Nilipima mwanga usoni mwake, si kwenye anga iliyo nyuma ya majani, kwa sababu kamera ikiachiwa iamue, anga inayong'aa huidanganya na ngozi yetu nyeusi huzama kizani. Rangi pia niliiweka mwenyewe. Majani hurudisha ukijani kwenye mashavu.

Kofia ikavuliwa. Akapiga goti. Kina mama wawili waliokuwa wakitembea na kusali kwa sauti, kama ilivyo kawaida pale, walinyamaza, wakasimama mbali. Wifi hakupiga kelele wala hakuziba mdomo. Alimtazama tu, muda mrefu, kisha akainama akamshika kichwa kwa mikono miwili na kumsemea sikioni. Alichosema sikijui na sijauliza. Nilikuwa na kazi ya kuona kwamba macho yake yako wazi, bila ukungu, ndani ya fremu, huku yangu yakilengwa na machozi. Kina mama wale ndio waliotangaza jibu, kwa vigelegele.

Picha zote nilimkabidhi yeye kwanza, hata kabla ya mdogo wangu. Nilimwambia, "Wifi, hukujua kwamba unapigwa picha, kwa hivyo ruhusa ni yako." Alichagua moja ya kuonyesha watu, ile anayomwinua mdogo wangu kutoka chini. Ile ya kuinama na kunong'ona amekataa isitoke, na haitatoka, ingawa ndiyo bora kuliko zote nilizopiga mwaka huu.

Mama alipopigiwa simu Mombasa alifurahi, kisha akatukumbusha utaratibu. "Pete ni yenu wawili," alimwambia mwanawe. "Posa ni ya wazee." Barua inaandikwa, mshenga ameshapatikana, na nimeambiwa siku hiyo nisije na kamera kwa kuwa nitakaa upande wa waposaji.