Hatua 840

Daftari lile bado ninalo. Jalada lake jekundu limefifia kwa jasho la mkono, na kwenye ukurasa mmoja nimeandika kwa wino mzito: "Mwembe hadi majini, hatua 840." Chini yake nimepiga mistari miwili, kama mwanafunzi aliyepata jibu la hesabu.

Ilikuwa Novemba 2017. Mwaka wa pili huo nahangaika na riwaya ya vijana kuhusu misafara ya Unyanyembe, yaani Tabora na viunga vyake, kwenda Ujiji. Shujaa wangu ni Kulwa, kijana wa Kinyamwezi wa miaka kumi na mitatu. Pacha wake, Doto, amechukuliwa na tajiri mmoja akabebe mizigo ya pembe huko Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwaka ni 1871. Mirambo anapigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kawaida haipitiki, msafara wa Kulwa unalazimika kuzungukia kusini na kuchelewa wiki kadhaa. Anaingia Ujiji saa ileile mashua ya Doto inasukumwa majini. Anatupa mzigo wake, frasila nzima ya shanga, kama kilo kumi na sita, anatoka mbio.

Sura hiyo ya mbio ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Wanaosoma vitabu vya watoto wanajua kwamba mtoto hana adabu ya kukumalizia kitabu kinachomchosha. Anakifunga tu na kwenda kucheza. Kwa hiyo mbio zile nilizipika. Nilipanda treni Tabora, nikashuka Kigoma shingo imekaza, nikachukua daladala hadi Ujiji na kwenda kusimama pale kwenye mnara wa Livingstone, chini ya miembe. Halafu nikatembea hadi ziwani nikihesabu hatua kwa sauti. Mara mbili nilianza upya, mara ya kwanza kwa sababu ya bodaboda, ya pili kwa sababu ya mama mmoja aliyeniuliza kama naumwa. Hatua 840. Nikaandika kurasa sita za mbio: Kulwa anaruka mbuzi, anapita katikati ya wauza chumvi, anajikwaa, anainuka, mashua inazidi kuwa ndogo.

Rafiki yangu mwalimu alinipa kipindi kimoja katika shule ya msingi hapohapo Ujiji, darasa la sita, niwasomee. Nilisoma kurasa zote sita. Walitulia. Kuna mvulana wa dawati la mbele aliyekuwa anatingisha goti kwa kasi ya Kulwa, na mimi kwa majivuno nikajiambia, hapa nimewapata.

Nikauliza kama kuna swali. Binti mmoja wa nyuma akasimama.

"Anko, mbona anakimbia mbali hivyo?"

"Mbali kivipi?"

"Babu anasema zamani ziwa lilikuwa linafika kwetu. Na kwetu ni hapo karibu na miembe."

Nilimjibu kama watu wazima tunavyojibu watoto tukiwa na uhakika. Nikamwambia nimepima mwenyewe, kwa miguu yangu hii, juzi.

"Umepima ziwa la sasa," akasema, akakaa.

Darasa zima likacheka. Mwalimu akawanyamazisha, lakini niliona naye anajizuia.

Baada ya kengele binti akanipeleka kwao bila kuombwa mara mbili. Babu yake alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, anashona wavu wa dagaa, uzi ameubana kwa dole gumba la mguu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu amefanya nini tena?"

Nilipomweleza, hakucheka. Aliweka wavu chini, akainuka kwa kushika ukuta, akanizungusha nyuma ya nyumba hadi chooni. Nilidhani ananionyesha njia tu. Kumbe alikuwa ananionyesha shimo. Choo cha zamani kilijaa, akasema, wakachimba hiki kipya, na yeye mwenyewe alisimama juu akiwaangalia vijana wakichimba. Juu ulitoka udongo mwekundu wa kawaida. Walipofika usawa wa kiuno, koleo likaanza kutoa mchanga. Mchanga mweupe, laini, wa ufukweni. Akamtuma mjukuu ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Babu akalipindua kiganjani mwangu: mchanga, na makome matano au sita, madogo kama ukucha, yenye mikunjo na vimiiba. Makome ya Tanganyika ndivyo yalivyo. Yanafanana na ya baharini kiasi kwamba mwishoni mwa karne ya 19 kuna wataalamu waliodhani ziwa hili liliwahi kuungana na bahari.

"Babu yangu mimi," alisema, "alikuwa Mmanyema, aliletwa hapa mtoto. Alituambia walikuwa wanafunga mitumbwi kwenye miti ya sokoni. Soko likawa linapanda, maji yanalifuata. Halafu siku moja maji yakachoka, yakaanza kurudi. Yakarudi mpaka watu wakapata mashamba."

Kome peke yake halina tarehe. Huenda lile la kiganjani mwangu lilizikwa miaka elfu kabla ya Mwarabu wa kwanza kuliona ziwa. Lakini maneno ya mzee yalinitoa jasho, maana nilikuwa nimeyasoma. Usiku ule gesti nilifungua mkoba, nikatoa madokezo niliyonakili mwaka mmoja nyuma. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja Ujiji 1871 kumtafuta Livingstone, alirudi Mei 1876. Akakuta miti iliyokuwa imesimama sokoni alipokuwa hapo na Livingstone sasa imo ndani ya ziwa. Nilikuwa nimeinakili sentensi hiyo kwa mkono wangu, nikaipita, kwa sababu riwaya yangu ilikuwa ya 1871 na ya 1876 hayakunihusu. Hebu fikiria. Nimelipa nauli ya treni kwenda kupima kitu ambacho jibu lake lilikuwa mkobani.

Sababu yake ni Lukuga, mto wa upande wa Kongo, karibu na mji unaoitwa leo Kalemie. Ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa. Katika miaka ile mlango ulikuwa umeziba kwa mchanga na matete. Cameron, msafiri Mwingereza, aliufikia 1874 na kukuta umesongwa na majani. Mito mingine, Malagarasi na wenzake, iliendelea kumwaga ndani, na ziwa likawa linapanda kama maji kwenye beseni. Mwaka 1878 kizuizi kikavunjika. Maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita kumi. Kwenye ufuko mteremko kama wa Ujiji, mita kumi za kwenda chini ni mwendo mrefu wa kwenda mbele. Hatua zangu 840, nyingi kati yake nilikuwa natembea juu ya ziwa la Kulwa.

Basi nikalala na tatizo. Nikizifupisha mbio, sura inakufa. Hatua mia na kitu si mbio, ni kwenda dukani. Nililala, nikaamka, nikawasha taa, na hapo ndipo picha ya mzee ikanirudia: mitumbwi imefungwa kwenye miti ya sokoni. Kwa nini nakazana na 1871? Nikiisogeza hadithi hadi 1876, Kulwa hakimbii tena. Anapiga maji. Anaingia kwenye soko lililozama, maji ya magoti, kisha ya kiuno, anapita kati ya vigogo vilivyokauka ndani ya ziwa, wauzaji wamehamisha mikeka yao juu zaidi, mama mmoja bado anainama majini kutafuta shanga zake za sofi zilizomwagika, maana hizo ndizo zilikuwa pesa za soko la Ujiji. Na Doto anamwona kutoka kwenye mashua. Mtu anayekimbia nchi kavu anaweza kujificha. Aliye majini kiunoni anaonekana na kila mtu, na waliomchukua Doto wakiwemo.

Hasara moja tu. Livingstone alifariki 1873. Asubuhi nilimpigia mhariri wangu nikamwambia mzee wa watu hayumo tena, na sura yake nzima naitoa. Kimya. Kisha: "Bila Livingstone nani atakinunua? Shule zinamjua huyo." Nikamwambia shule zinamjua mno, na kusema kweli nilikuwa namwona kama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Alikata simu bila kuniaga. Tulibishana miezi mitatu, na suala lake ni refu, liache.

Kabla ya treni ya kurudi nilikwenda tena kwenye mwembe. Yule binti alikuwa amenifuata akiwa bado na sare, pengine ametoroka kipindi, sikuuliza. Babu yake alikuwa amemwelekeza: kutoka miembe shuka, nyumba yetu ikipita kushoto, ardhi itainama kidogo, hapo. Nikaanza kuhesabu upya, yeye akihesabu pamoja nami, akinizidi hatua mbili mbele. Kwenye 112 akasimama na kunyoosha mkono chini.

"Hapa Kulwa analowa," akasema.

Tulikuwa tumesimama mbele ya meza ya mama muuza migebuka, samaki wa ziwa hili. Aliniangalia mimi, akaangalia daftari, akapunga mgwisho kufukuza nzi.

"Kaka, unaandika bei au unanunua? Kuna ya elfu tatu na ya elfu tano."