Kuondoa kutu kwenye randa kwa umeme na magadi
Randa ya chuma niliyorithi kwa babu ilikuwa imeliwa na kutu stoo, nami sikutaka kuipiga msasa, kwa kuwa msasa hula chuma kizima pamoja na kutu. Niliyeyusha magadi katika ndoo ya plastiki yenye maji, nikaning'iniza humo mwili wa randa ukiwa umefungwa kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na waya chanya nikaufunga kwenye kipande cha nondo kilichozama humo humo, huku nikihakikisha vyuma hivyo viwili havigusani. Mapovu madogo yalianza kupanda mara moja, na kufikia asubuhi kutu ilikuwa imegeuka tope jeusi lililotoka kwa brashi tu, hata maandishi ya kiwandani yakasomeka.

Mapovu hayo yana haidrojeni, gesi inayowaka, hivyo fanyeni kazi hii nje, mbali na moto, na zimeni chaja kabla ya kutia mkono. Tafadhali msitumie chuma cha pua, yaani kile kisichoshika kutu (stainless), upande wa chanya, kwani huweza kuacha kromu yenye sumu majini. Chuma kikishaoshwa kikaushwe na kupakwa mafuta ya cherehani papo hapo, maana kikiachwa kibichi hushika kutu upya ndani ya saa chache.