Glasi ya Chai na Mstari wa Chaki

Zoezi lenyewe lilienea kwenye nusu ukurasa. Mtu afungue mlango, avuke chumba, akae mkabala na mwenzake, wasemezane maneno mawili matatu. Basi. Ilikuwa mwaka 2013, nasoma stashahada ya filamu Dar es Salaam, na kundi letu lilikuwa la watu watano wenye kamera moja ya kuazima. Mwalimu alitaka kuona mwendelezo tu: tendo lianzie shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha, na kuishia nyingine bila kukatika, wanaozungumza waonekane wanaangaliana, na kamera isivuke mstari.

Mstari huo alituchorea kwa chaki sakafuni, kutoka kiti kimoja hadi kingine. Kamera ikibaki upande mmoja, ndani ya zile digrii 180, huyu atatazama kulia na yule kushoto, na macho yao yatakutana hata kama kila mmoja yuko kwenye shoti yake. Ikivuka, wote wawili watatazama upande mmoja kama abiria ndani ya basi.

Tulipigia picha sebuleni kwa shangazi yangu, Magomeni. Yeye mwenyewe alikubali kuwa mama wa hadithi, maana hakuna kati yetu ambaye angeaminika kuwa na mtoto mkubwa. Kijana anaingia, anakaa. Mama anamuuliza, "Umerudi?" Anajibu, "Nimeuza kiwanja, mama." Hadithi nzima ndiyo hiyo, na mpaka leo naipenda.

Mimi nilipewa kazi ya mwendelezo. Niliandika kila kitu kwenye kauntabuku: mkono wa kulia kwenye kitasa, kifungo cha juu cha shati kimefunguliwa, kanga imefunika bega la kushoto. Na chai. Glasi ya shangazi ilikuwa na maua mekundu yaliyopangwa kwenda juu, nami niliamua chai ya rangi ifike ua la pili. Kila shoti ikirudiwa nilipiga magoti nikaongeza kutoka kwenye chupa, nikainamisha jicho hadi usawa wa meza kuhakikisha. Ua la pili, si zaidi. Mlango nao tuliupiga picha mara nyingi kutoka nje, kisha kutoka ndani, kila mara tendo zima tangu mwanzo hadi mwisho, ili mhariri achague mwenyewe pa kukatia.

Mchana jua lilihama. Asubuhi kamera ilikuwa upande wa kabati la vyombo. Sasa mwanga wa dirishani ukawa unaingia moja kwa moja kwenye lenzi. Mpiga picha wetu alikuwa ametangulia kufanya kazi za harusi kabla ya kuja chuoni, sote tukimwita kaka. Alinyanyua tripodi, akaihamishia upande wa dirisha, jua likawa mgongoni kwake. Uso wa shangazi ukang'aa vizuri kupita shoti zote za siku ile. Nilikuwa nimepiga magoti na chupa mkononi. Niliinua kichwa, nikaona kuna kitu hakiko sawa, nikakimbilia kwenye daftari langu. Chai sawa. Kanga sawa. Nikanyamaza.

Usiku tulikaa kuhariri. Mlango ulitupa furaha ya ajabu. Tulikata pale kitasa kinaposhuka, tukawa tunasogeza fremu mojamoja, zile picha tuli zinazounda filamu. Kwenye sekunde moja kuna fremu 25, lakini ukikosea nne tu mlango unaonekana kufunguka mara mbili. Ulipokaa sawa, mkono ulitoka kibarazani ukaingia sebuleni kama vile haujawahi kukatwa. Tuliurudia kuutazama mpaka tukachoka.

Ndipo tukafika kwenye mazungumzo. "Nimeuza kiwanja, mama," kijana akasema akiangalia kulia. Tukakata kwa mama. Naye anaangalia kulia. Mtoto anamwambia mama yake neno zito kuliko yote, na mama anautazama ukuta. Siku nzima nililinda chai, macho yakanipita.

"Nilivuka," mpiga picha akasema.

"Nilikuona," nikamjibu. "Ningekwambia."

Mmoja wetu alishauri tuigeuze picha, kushoto kuwe kulia. Tukajaribu. Kalenda ya ukutani ikasomeka kinyumenyume, na kanga ikahamia bega jingine. Haikufaa.

Jumamosi tukarudi Magomeni. Shangazi alikuwa ametoka kwenye shughuli ya jirani, mikono yote miwili ina hina na piko mpaka viwikoni. Wiki iliyopita mikono ile ilikuwa mitupu, na ilikuwa imeshika glasi. Alinitazama, akajua. "Pole, mwanangu, sikukumbuka." Nikakaa kwenye kochi na daftari langu, nikafikiri muda mrefu. Mwishowe nikamwomba afiche mikono ndani ya kanga. Halafu tukapiga klosapu, picha ya karibu kabisa, ya glasi peke yake mezani, chai ikiwa ua la pili, tukaichomeka katikati: mtazamaji akiwa kwenye glasi, mama anapata nafasi ya kuiachia na kujifunika. Safari hii kabla ya kila shoti nilisimama nyuma ya kamera nikauliza kwa sauti, "Tuko upande wa kabati?" Na mpiga picha akajibu kila mara, "Wa kabati."

Tulipomaliza kuhariri nilimpelekea shangazi kompyuta mpakato, nikaiweka juu ya meza ileile. Alitazama kimya. Ilipofika "Nimeuza kiwanja, mama," akanishika mkono.

"Hebu rudisha hapo."

Nilidhani ameona mikono. Nikarudisha. Akasogea karibu na kioo, uso wake ukiwa mbele ya uso wake.

"Nimemwangalia kweli, huyu mtoto," akasema. "Rudisha tena."