Mkao mmoja, siku saba

Jumapili, saa nne usiku, Morogoro.

Leo nimehesabu wiki ya 11 mfululizo ambayo kundi letu la miisho ya sataranji, yaani hatua za mwisho kete zikiwa zimebaki chache, halijalala. Humo kuna majina 43. Wanaosema kitu kila wiki ni tisa, pengine kumi, na hao wananitosha kabisa. Kabla ya hapo tulikaa siku 16 bila neno lolote isipokuwa salamu za Ijumaa, na nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe wa kuwaaga.

Ule ukimya niliuleta mimi. Nilikuwa nawamwagia vitu: asubuhi mkao (mpangilio wa kete ubaoni), mchana video, usiku majibu. Wiki moja niliweka mbinu iitwayo daraja la Lucena, ambapo ngome hukaa mstari wa nne kungojea kumkinga mfalme wake na shahi (shambulio kwa mfalme), nikaweka ulinzi wa Philidor wa mstari wa tatu, kisha nikamalizia na askofu na farasi dhidi ya mfalme aliyebaki peke yake. Kila kimoja kati ya hivyo kinastahili mwezi mzima. Mtu anatoka kazini saa mbili usiku, anakuta jumbe thelathini, nusu yake zinakula bando. Anazima simu, na kesho anaona aibu kuuliza la jana.

Jambo la pili ni kompyuta. Tangu 2018 zipo jedwali za Syzygy zenye jibu kamili la kila mkao wenye kete saba au pungufu, na kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess mtu anazitazama bure. Mimi mwenyewe huhakiki nazo kila mkao kabla sijauweka. Lakini mtu akizifungua dakika ya kumi na kuandika "sare", mazungumzo yamekwisha. Wote wanalijua jibu, na hakuna anayejua kwa nini.

Sasa naweka mkao mmoja Jumapili usiku, basi. Kompyuta haiguswi hadi Jumamosi. Ukitaja hatua, useme inazuia nini au inaogopa nini. Asiyekubaliana nawe anachukua upande wa pili na mnacheza palepale mbele ya wote.

Wiki hii ilikuwa zamu ya Richard Réti, mchezaji na mtunzi wa mafumbo ya sataranji, ule mkao wake wa 1921 wenye kete nne tu. Mfalme mweupe yuko h8 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), askari wake c6. Mfalme mweusi yuko a6, askari wake h5. Weupe wanaanza na wanatakiwa kupata sare. Ukiutazama unasikitika, kwa sababu askari mweusi ameshatangulia kuelekea mwisho wa ubao, ambako hugeuka malkia, na mfalme mweupe yuko nyuma yake, huku askari mweupe anakaribia kuliwa.

Jumatatu mzee wetu wa Tanga alituma sauti: "Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Akimkimbilia wa h hamfiki, akimwendea wake wa c amechelewa. Hapa tumefungwa."

Nikamjibu, "Shikamoo mzee, basi chukua weusi." Weupe wakachukuliwa na dada mmoja wa Mombasa, muuguzi wa zamu za usiku. Akampeleka mfalme g7. Mzee akasukuma askari h4. Mfalme f6. Mzee akalala nayo usiku mzima, asubuhi akaleta mfalme wake b6, tayari kumla askari wa c6. Dada akajibu kwa mfalme e5.

Mzee alikula. Mfalme mweupe akashuka f4, na askari wa h hakuwa tena na pa kukimbilia. "Ngoja nirudi," akasema mzee. Akarudi, safari hii akasukuma h3 badala ya kula. Mfalme akaenda d6 kumlinda askari wake, na askari wote wawili wakageuka malkia. Sare. "Nirudi tena." Alirudi mara nne, na kila mara kuna mtu mwingine aliyeingia kumshauri.

Alhamisi dada akaeleza kwa sauti isiyofika dakika moja. Kwa mfalme, hatua ya mshazari ina gharama ileile ya hatua ya kunyooka: kutoka h8 hadi h5 ni hatua tatu, na kutoka h8 hadi e5 ni tatu vilevile. Kwa hiyo akipita mshazari anamkaribia askari wa adui na wake pia, bila kupoteza hatua hata moja. Mwaka juzi nililiandika hilohilo kwa jumbe tatu ndefu na halikujibiwa. Sauti ya dada imejibiwa na watu 14, wakiwemo wawili ambao sikujua kama bado wamo.

Nilikuwa nimepanga kuweka mkao mpya usiku huu. Nimeuahirisha hadi kesho, kwa sababu picha imeingia sasa hivi kutoka Tanga: ubao wa mzee juu ya mkeka, Réti amepangwa upya, na kizibo cha soda kimesimama c6 mahali pa askari aliyepotea. Upande wa pili unaonekana mkono mdogo umeshika mfalme mweusi. Mzee ameandika chini yake, "Nimempa mjukuu weusi. Hajui bado."