Safu ya dini kwenye rejista

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la tano, shule moja ya serikali huko Shinyanga, na hii ninayoisimulia ilitokea Ijumaa maana Ijumaa ndo ilikuwa siku ya kipindi cha dini. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwarobaini, ikigongwa tu darasa linagawanyika, Wakatoliki kwa katekista, Walutheri na AIC darasa la kule mwisho, Waislamu wanamfuata ustadhi, mi nabaki na dawati langu nafanya hesabu.

Kwetu hatukuwa na dini. Sio kwamba tulikuwa na mizimu tunayoiabudu kama watu walivyodhani, hapana, baba alikuwa fundi mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kanisa aliliacha kabla sijazaliwa, mama naye hakuwahi kubatizwa, nyumbani tulifundishwa usiibe, usiseme uongo, mkubwa msalimie, basi. Wimbo wa taifa mstarini niliimba kwa sauti kama wenzangu, Mungu ibariki Afrika, baba alisema huo wimbo ni wa nchi yako, imba.

Sasa akaja mwalimu wa darasa mpya, akawa anajaza rejista upya, jina, tarehe ya kuzaliwa, dini. Kufika kwangu nikamwambia sina mwalimu. Akauliza mara ya pili nikajibu vilevile, akaniita mbele wenzangu wanione, akaandika kwa wino mwekundu huku anatamka kwa sauti: MPAGANI. Halafu akasema wenzio wakimsoma Mungu wewe utakuwa unafagia uwanja. Nikapewa fagio la chelewa, jua la saa saba, huku nasikia pambio zinaimbwa na vichwa vinanichungulia madirishani.

Kufagia kwenyewe hakukuniuma, tulikuwa tunafagia kila asubuhi. Kilichoniuma ni bombani. Nilikuwa na rafiki tunashea kikombe chake cha plastiki, cha bluu, kimemeguka mdomoni. Siku hiyo nilipomrudishia akakisuuza, akakisuuza tena, akakishika kwa ncha za vidole akasema mama akijua nimekunywa na wewe atanichapa. Na watoto wengine wakaanza, mchawi, mchawi. Mtu wa mbali anaweza kuona ni utani wa watoto tu, ila miaka ile kwetu Usukumani vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi, yaani lile neno lilikuwa linaua watu, na mimi nilikuwa na bibi nyumbani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Usiku ule sikulala, nilimuwaza bibi.

Jumatatu baba akanisindikiza, na ovaroli lake la kazini, mfukoni kijitabu cha Katiba amekunja ukurasa. Nilikaa kwenye benchi ofisini kwa mwalimu mkuu, miguu haifiki chini vizuri. Baba hakugomba hata kidogo. Alisema mwalimu, naomba unisomee ibara ya 19, mimi macho yangu yamechoka (hayakuwa yamechoka), na mwalimu mkuu akasoma taratibu, uhuru wa mawazo na imani, kisha ile sehemu inayosema mambo ya ibada ni ya hiari ya mtu. Baba akaweka kidole juu ya neno hiari, kucha zake zina grisi ya mashine, akaacha doa pale.

Mwalimu mkuu alikaa kimya muda. Yule alikuwa mzee wa kanisa, kila mtu anajua, Jumapili anapitisha kapu la sadaka. Akasema, baba, mimi ningependa sana huyu mtoto asali, sikufichi, lakini hapa sikuajiriwa na kanisa. Akaagiza rejista, akakata lile neno jekundu kwa rula, pembeni akachora kistari, akasaini. Akasema kipindi cha dini utakuja kukaa hapa ofisini, kuna atlasi kwenye kabati. Ile atlasi niliimaliza, hadi leo miji mikuu ya Afrika nakutajia yote.

Ufagiaji uliisha. Jina la mpagani nilitembea nalo mpaka darasa la saba, na yule mwalimu hakuwahi kuniambia pole, hilo bado linanichoma nikilikumbuka.

Mwaka jana nimempeleka binti yangu kuanza darasa la kwanza, na fomu bado ina ile safu. Nchi yenyewe kwenye sensa iliacha kuwauliza watu dini baada ya 1967, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya dini, ila fomu ipo palepale, mkono ulinitetemeka kabisa. Nikachora kistari. Mwalimu, dada mdogo tu, akaniambia mzazi hapa umesahau, nikasema sijasahau mwalimu, naomba kujua kipindi cha dini mwanangu atakaa wapi. Akanitazama, akamtazama binti, akasema atakaa na mimi, huwa nasahihisha madaftari saa hizo. Nikamwomba namba yake ya simu, akaiandika nyuma ya risiti ya sare.