Siku moja padoki: tairi la nyuma linalochanika upande wa kulia

Saa 12:30 asubuhi

Hapa padoki, eneo la kuandalia pikipiki pembeni mwa uwanja wa mbio, hewa ina nyuzi joto 18. Spana bado zimo sandukuni. Kwanza zinachukuliwa zile namba ambazo baada ya saa moja hazitapatikana tena: upepo wa tairi likiwa baridi, tarehe ya tairi na kina cha kashata, yaani raba inayokanyaga lami. Pikipiki ya leo ni ya cc 600, ina matairi ya uwanjani yenye mifereji michache, na mwenyewe ana lalamiko moja: tairi la nyuma linachanika upande wa kulia na halimalizi siku.

Geji ya upepo inasoma psi 30 nyuma na 31 mbele. Geji yenyewe imeshawekewa alama ya rangi, na hakuna nyingine itakayogusa pikipiki hii leo. Geji mbili zinaweza kupishana psi 2 au zaidi, na psi 2 ndizo tunazozitafuta.

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 1124, limetengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa sana stoo, au lililopashwa na kupoa mara nyingi, hugeuka gumu na huchanika hata mipangilio yote ikiwa sahihi. Hili bado changa, kwa hiyo umri unaondoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Kina kinapimwa kushoto, katikati na kulia. Uwanja huu unazungukwa kwa mwelekeo wa mshale wa saa na kona nyingi ni za kulia, kwa hiyo kulia kuisha kabla ya kushoto si ugonjwa. Cha kuangalia ni namna raba inavyoondoka. Raba yenye afya inalika kwa chembe ndogondogo zinazolingana, kana kwamba imepitishwa msasa laini. Hapa kuna ukanda wa upana wa vidole viwili, ndani kidogo ya ukingo, wenye makovu ya kina na midomo mikali. Ukanda huo ndipo tairi linapokanyagia dereva anapoanza kuvuta mafuta huku pikipiki bado imelala.

Saa 1:30 asubuhi

Blanketi za kupasha matairi zinafungwa na kuwekwa nyuzi 80. Watu wengi huzivua baada ya dakika 20 kwa sababu juu ya tairi tayari pana moto. Juu, ndiyo. Ndani ya tairi na kwenye ringi bado, na joto hilo la ndani ndilo linalohesabika. Saa nzima ndiyo kipimo. Kipimajoto cha sindano kinachomekwa sehemu nne za mzunguko wa tairi, kwa sababu waya mmoja uliokatika ndani ya blanketi huacha kipande baridi, na kipande hicho kikichanika utalaumu shokapu bure. Kile kipimajoto cha miale husoma ngozi ya juu peke yake. Kwa breki kinafaa, kwa tairi kinapotosha.

Hakuna kinachobadilishwa bado. Dereva anatoka na mipangilio yake ileile, maana ukirekebisha kabla ya kuuona ugonjwa hutajua umeponya nini.

Saa 3:00 asubuhi

Zamu ya kwanza ya kukimbia uwanjani, dakika 20, imeisha. Dereva ameshaambiwa asilegeze mwendo sana mzunguko wa mwisho. Akitembea polepole tairi linapoa, na juu yake linaokota raba iliyomwagika pembeni mwa njia. Anaposimama, upepo unapimwa kwanza, halafu sindano, halafu ndipo macho. Mpangilio huo haubadilishwi kwa ajili ya mazungumzo.

Upepo nyuma: 37. Joto la ndani: kulia 62, katikati 64, kushoto 55.

"Fundi, nifungue kliki ngapi?" Bado, ndugu yangu. Namba hizi hazijafika kwenye kliki, zile hatua za kuzungusha skrubu za shokapu. Tairi limetoka kwenye blanketi likiwa na nyuzi 80 na limerudi na 62. Limekwenda kukimbia likarudi baridi kuliko lilivyotoka, na sababu ni ule upepo. Karatasi ya mtengenezaji wa tairi hili inataka psi 30 likiwa moto. Mwenyewe alijaza 30 likiwa baridi. Hewa iliyofungiwa huongezeka takriban psi 1.5 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo kufikia 37 ni hesabu tu. Tairi lililojaa namna hiyo halijikunji, na lisipojikunja halizalishi joto. Eneo linalogusa lami nalo linakuwa dogo. Ngozi ya juu inasuguliwa na kupata moto wakati raba ya chini yake bado ngumu. Haziendi pamoja, ndipo ya juu inanyofoka vipande. Huo ndio mchaniko wa baridi, na dalili zake ni makovu ya kina, kingo kali na vijiti vya raba vilivyosimama.

Kabla ya kuhukumu, takataka zinaondolewa. Raba ya kuokota hubandika juu ya tairi na kuonekana kama uvimbe au mchaniko, wala si tairi lenyewe. Inapashwa kidogo kwa mashine ya hewa moto na kukwanguliwa kwa chuma bapa. Kinachobaki ndicho kinachosomwa. Makovu ya zamani yanachorwa mstari kwa chaki ya tairi, la sivyo zamu ijayo utayahesabu tena kama mapya.

Blanketi zinarudi. Joto la ndani linapofika 80, upepo wa nyuma unashushwa hadi 30. Mbele nako unawekwa kwenye namba ya moto ya karatasi. Zaidi ya hapo hakiguswi kitu.

Saa 4:30 asubuhi

Zamu ya pili. Nyuma psi 30, kulia nyuzi 79, kushoto 71. Midomo ya makovu imeanza kulala na raba iliyo nje ya chaki ni laini na ya kijivu. Robo tatu ya ugonjwa ilikuwa pampu.

Robo iliyobaki inaonekana: ndani ya ule ukanda wa vidole viwili kuna mikwaruzo mipya, michache, isiyo na kina. Dereva anasema pikipiki inapanuka nje ya njia kila akivuta mafuta kwenye kona ndefu ya kulia. Dalili hizo mbili zikikutana, nyuma inakaa chini kuliko inavyotakiwa. Sasa ndiyo zamu ya shokapu.

Saa 5:30 asubuhi

Watu watatu wanahitajika: mmoja akae juu na mavazi yake yote ya mbio, mmoja ashike pikipiki wima, mmoja apime. Umbali unachukuliwa kutoka kwenye ekseli hadi alama iliyobandikwa mkiani, wima kabisa. Gurudumu likiwa hewani, tuseme ni sifuri. Pikipiki ikisimama peke yake, nyuma inazama mm 18. Dereva akikaa, mm 42. Kwa uwanjani tunataka 30 hadi 35 akiwa juu, na 5 hadi 10 ikiwa peke yake.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili, mm 24, inasema jambo muhimu: springi yenyewe inamfaa mtu huyu, haijakazwa tu. Ingekuwa laini mno kwa uzito wake, tungeikaza hadi 32 akiwa amekaa na kukuta bila yeye hakuna mzamo wowote. Hapo dawa ni kubadili springi, hata ukikaza nati hadi mwisho wa uzi.

Nati inayobana springi inakazwa mizunguko mitano. Uzi wake unasogea mm 1 kwa mzunguko, na kwenye pikipiki hii, kwa sababu ya wenzo, nyuma hupanda karibu mara mbili ya hapo. Vipimo vipya: 32 na 8.

Halafu skrubu ya kurudi, ile inayoamua shokapu inyooke kwa kasi gani baada ya kukandamizwa. Inafungwa taratibu hadi mwisho huku kliki zikihesabiwa, ili tujue ilikuwa wapi: kliki 3 tu kutoka kufungwa kabisa. Kiti kikikandamizwa na kuachiwa, nyuma inapanda kizembe, zaidi ya sekunde moja na nusu. Mwenyewe aliifunga kwa sababu "ilikuwa inadunda". Bila shaka ilidunda. Tairi lenye psi 37 hudunda lenyewe kama mpira. Akatibu dalili ya upepo kwa skrubu, akazaa ugonjwa wa pili.

Shokapu inayorudi polepole haijamaliza kunyooka kutoka kwenye tuta la kwanza pale tuta la pili linapofika. Kila tuta linaikuta fupi zaidi. Mwishoni springi haina safari iliyobaki, na kazi ya kumeza matuta inaangukia tairi, katikati ya kona, wakati lile lile injini inalivuta. Raba haina namna ila kuachia. Nyuma iliyozama nayo inaondoa uzito mbele, ndiyo maana pikipiki inapanuka.

Skrubu inafunguliwa hadi kliki 9. Kiti sasa kinapanda mara moja na kutulia bila kupita juu. Kwa kawaida hatubadilishi vitu viwili kwa zamu moja, lakini mkazo wa springi na kasi ya kurudi vinakwenda pamoja: springi iliyokazwa inasukuma kwa nguvu zaidi na skrubu lazima ijue hivyo. Skrubu ya kubana, ile inayoamua shokapu izame kwa kasi gani, haiguswi. Kamba ndogo ya plastiki inafungwa kwenye bomba la shokapu ya mbele kuonyesha inashuka hadi wapi wakati wa breki, kwa sababu nyuma iliyopanda inaongeza mzigo mbele.

Saa 6:30 mchana

Mapumziko ndiyo muda wa mambo ya kimya. Uzi unavutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, kuona kama magurudumu yamenyooka. Alama za kurekebishia cheni zilizopigwa kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, zinaweza kudanganya, kwa hiyo uzi ndio unaoaminiwa. Hapa yamenyooka. Cheni ina mlegezo unaotakiwa ukipimwa mahali inapobana zaidi. Cheni iliyokazwa mno huzuia nyuma kuzama na hutoa ulikaji unaofanana sana na wa shokapu mbovu.

Jirani analeta pikipiki yenye tairi la mbele lililolika kwa mabonde, juu na chini kuzunguka tairi zima. Hilo halihitaji mjadala mrefu. Gurudumu la mbele linainuliwa na shokapu zinashikwa chini na kuvutwa mbele na nyuma: beringi za usukani zinacheza. Zikazwe au zibadilishwe, balansi ya gurudumu iangaliwe, na oili ya shokapu kama haijabadilishwa muda mrefu. Mabonde yaliyokwishachimbika hayatarudi. Tairi hilo litaendelea kutetemesha hata chanzo kikiondolewa, na wengi hapo hudhani matengenezo hayajafanya kazi.

Saa 8:00 mchana

Lami imefika nyuzi 48. Tairi linarudi na sura nyingine: mng'ao wa buluu upande wa kulia, na chembe za raba zilizoviringika na kulala, bila kina. Upepo 32, joto la ndani 95. Ukanda wa chaki hauna kovu jipya la kina, na dereva anasema pikipiki sasa inashika njia yake. Ile kamba ya mbele imebakiza mm 15 kabla ya mwisho wa safari, inatosha.

Huu sasa ni mchaniko wa moto. Kila mtu padoki anashauri "toa upepo, umezidi". Usitoe. Upepo ukipungua tairi linajikunja zaidi, na kujikunja ndiko kunakozalisha joto. Psi 2 zilizoongezeka ni matokeo ya joto, na kwa hali hii zinasaidia kulidhibiti. Tunaziacha. Kinachorekebishwa ni kuteleza kwa gurudumu: kidhibiti cha kuteleza kinapandishwa ngazi moja na zamu inafupishwa hadi dakika 15. Kama jua lingekuwa hivi tangu asubuhi, tungeanza na raba ngumu zaidi.

Saa 10:00 alasiri

Zamu ya mwisho. Mng'ao umefifia, chembe zimepungua, joto 90. Kina kilichobaki: kushoto mm 3.2, katikati 2.9, kulia 1.7.

Swali linalokuja daima saa hizi ni kama tairi linaweza kugeuzwa ili upande wa kushoto uhamie kulia. Matairi yenye mshale wa mwelekeo yameungwa kwa kufuata mshale huo, na la nyuma hubeba nguvu ya injini kwenye maungio hayo. Mtengenezaji asiporuhusu kwa maandishi, haligeuzwi.

Karatasi inajazwa: joto la lami kila zamu, upepo ukitoka na ukirudi, joto la ndani pande tatu, mizunguko ya nati, kliki 9, ngazi ya kidhibiti. Pembeni inaongezwa namba moja kwa herufi kubwa: 22. Tairi lililowekwa psi 30 likiwa na nyuzi 80 litasoma takriban hivyo asubuhi ya nyuzi 20, na mwenyewe akiikuta namba hiyo ajue tairi halijatoboka, asikimbilie pampu. Isipokuwa kama atarudi nyumbani akiiendesha barabarani. Hapo matairi yote mawili yajazwe hadi namba ya kitabu cha pikipiki kabla hajatoka getini.